Besi na Haki ya Sikio: Hedifoni Zilizofungwa, Hedifoni Wazi na Ngoma Kuu ya Wapokomo

Swali la iwapo msikilizaji wa muziki wenye besi nzito avae hedifoni zilizofungwa au zilizo wazi huchukuliwa na wengi kuwa swali la ufundi na la mfuko, na kwa kiasi fulani ndivyo lilivyo. Lakini likiulizwa Ngao, katika bonde la chini la mto Tana karibu na Garsen, ambako sauti nzito ilikuwa kiungo cha ibada na cha utawala kabla ya kuwa burudani, linafunua jambo ambalo wanafalsafa na wanazuoni wa dini wamelijadili kwa karne nyingi, nalo ni kama sauti ina mwenyewe, na kama anayesikiliza ana deni lolote kwa wale walio karibu naye.

Hedifoni, ambazo pia huitwa vipokea sauti vya masikioni, ni spika mbili ndogo zinazovaliwa kichwani, na ndani ya kila moja mna utando mwembamba unaotikiswa kwa nguvu za sumaku na umeme. Utando huo ukisogea kuelekea sikio husukuma hewa ya mbele, na papo hapo huvuta hewa ya nyuma, kiasi kwamba kila spika hutoa sauti mbili kwa wakati mmoja ambazo ni kinyume kamili, na zikikutana hufutana. Tofauti yote ya aina hizi mbili imo katika jinsi sauti ya nyuma inavyoshughulikiwa: hedifoni iliyofungwa ina mgongo mzima, wa plastiki au wa mbao, unaoizuia ndani, ilhali iliyo wazi ina wavu au matundu yanayoiacha itoke nje. Hedifoni za stirio alizotengeneza John Koss nchini Marekani mwaka 1958 zilikuwa za namna ya kwanza. Za namna ya pili zilienea baada ya kampuni ya Sennheiser ya Ujerumani kutoa HD 414 mwaka 1968, ambazo povu lake lilipitisha sauti pande zote mbili.

Besi nayo ni sehemu ya chini kabisa ya sauti, ile ya ngoma kubwa na gitaa la besi na ya mashine za midundo zinazotawala nyimbo za siku hizi, na kwa hesabu ya fizikia ni mitetemo ya kuanzia takriban 20 hadi 250 kwa sekunde. Mtetemo wa mara 40 kwa sekunde, ukisafiri hewani kwa mwendo wa mita 340 hivi kwa sekunde, hufanya wimbi lenye urefu wa mita 8 na nusu, urefu unaozidi upana wa nyumba nyingi za kijijini, na kwa sababu hiyo sauti nzito haizuiliki kwa ukuta wa udongo wala kwa paa la makuti, hujipinda kwenye kona, na humfikia aliye mbali hata pale maneno ya wimbo na milio ya juu yamekwisha kupotea njiani. Yeyote aliyewahi kusikia disko la harusi kutoka ng'ambo ya mto anaijua hali hiyo: kinachovuka maji ni mdundo peke yake. Mawimbi marefu namna hiyo hufutana kwa urahisi mno yanapozunguka utando mdogo wa hedifoni wazi, ndiyo maana hedifoni wazi nyingi hupungukiwa na besi, na wauzaji wakimwambia mpenzi wa besi achukue zilizofungwa hawamdanganyi.

Hata hivyo besi ya hedifoni iliyofungwa ina sharti ambalo wauzaji hulitaja mara chache, nalo ni kwamba mto unaozunguka sikio ushike ngozi pande zote bila kuacha upenyo, kwa kuwa upenyo mwembamba tu unatosha kuimwaga besi yote nje. Katika joto na unyevu wa delta ya Tana, mto huo wa sikio, ukiwa wa ngozi bandia, hulowa jasho mapema, hubabuka na kupasuka, na hauketi tena sawasawa, miwani huuinua, misuko ya nywele huuinua, na mwanamke wa Kiislamu wa Garsen anayevaa hedifoni juu ya mtandio, kama heshima ya vazi lake inavyomtaka, anaweka kitambaa pale pale ambapo chombo kinadai ngozi tupu, na besi aliyoinunua inapita katikati ya nyuzi. Chombo hiki kilibuniwa kwa kichwa cha namna fulani, katika hali ya hewa ya namna fulani, na mwanamke huyo angeweza kupata besi bora kwa hedifoni ndogo za kupenyeza ndani ya tundu la sikio, ambazo huvaliwa chini ya kitambaa, kuliko kwa zile kubwa za bei kali.

Sasa lipo wazo lililozoeleka kwamba aliyevaa hedifoni zilizofungwa ni mchoyo, amejifungia na kitu chake, na aliyevaa zilizo wazi ni karimu, kwa kuwa muziki wake unawafikia wenzake. Wazo hili halisimami likipimwa kwa maumbile ya sauti yenyewe. Besi inayotoka kwenye mgongo wa hedifoni wazi haimfikii jirani, kwa sababu hufutwa na pacha wake hatua chache tu kutoka sikioni. Kinachomfikia aliyeketi karibu ni mabaki ya juu, mchirizo wa matoazi na sauti nyembamba ya mwimbaji isiyo na mwili. Msikilizaji amepoteza besi na jirani hakuipata. Kinachobaki wazi katika hedifoni wazi, basi, ni sikio la mvaaji: huyu bado anasikia akiitwa, anasikia hodi, anasikia adhana na kengele, anasikia bodaboda ikimjia nyuma na kiboko akivunja matete kando ya njia. Ukarimu wa chombo hiki, kama ni ukarimu, ni wa kuwapo. Tofauti hii kati ya kutoa sauti na kutoa sikio ndiyo inayobeba hoja yote, na aliyeikosa huishia kubishana juu ya kelele peke yake.

Ngao inafaa kwa mjadala huu kwa sababu Wapokomo walikuwa na mpangilio wao wa sauti nzito, nao ulikuwa kinyume kabisa na wa hedifoni. Ngoma yao kuu, iitwayo ngadji, ilikuwa chini ya mamlaka ya wazee wa Kijo, chama cha ndani kilichoshika mambo ya ibada na ya hukumu, na sauti yake iliwafikia watu wote wa eneo kubwa ilhali ngoma yenyewe ilihifadhiwa mbali na macho, ikionwa na wachache tu waliopewa haki hiyo. Majirani zao Wamijikenda walikuwa na mwanza, ngoma iliyosuguliwa badala ya kupigwa, ambayo mmisionari Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, aliandika jinsi ilivyolazimu wanawake na wasioingizwa katika siri zake wajifiche inapotolewa. Huko Ugiriki ya kale nako chanzo cha sauti kilifichwa: mapokeo husema kwamba wanafunzi wapya wa Pythagoras walimsikiliza mwalimu wao kutoka nyuma ya pazia bila kumwona, ili neno liwafikie pasipo kuvutwa na uso wa msemaji. Na katika karne ya 20 mtunzi Mfaransa Pierre Schaeffer aliitumia habari hiyo kueleza hali ya sauti ya redio na ya santuri, ambazo chanzo chake hakionekani.

Kati ya Pythagoras na ngadji, hata hivyo, pana tofauti yenye uzito. Pazia lilitenga wanafunzi na mwalimu kwa ajili ya elimu yao binafsi. Ngadji, kwa kuificha asili ya sauti, ilifanya umma mmoja wa watu wote walioisikia, waliojua siri na wasioijua, kwa kuwa hakuna aliyeweza kusema kwamba haikumhusu. Sauti ya masafa hayo haimwulizi mtu kama anataka kusikia. Humtikisa kifua, hupita ardhini hadi nyayoni, na kwa hiyo ina tabia ya amri, jambo linaloeleza kwa nini tawala na dini nyingi, si za bonde la Tana tu, zimeitumia. Hedifoni zimeugeuza mpangilio huo chini juu: chombo kinaonekana na kila mtu, kimekaa kichwani kama kilemba, bali sauti imefichwa na ina msikilizaji mmoja. Kila mvaaji amekuwa Kijo yake mwenyewe, yenye mwanachama mmoja na siri isiyomfunga mtu mwingine yeyote.

Isidhaniwe kwamba mpangilio wa kale unasifiwa hapa kwa kuwa ni wa kale. Sauti inayoamrisha wote inaweza kuwa dhulma, na waliotakiwa kujifungia ndani sauti ilipopita walikuwa na haki ya kuulizwa maoni yao. Hedifoni zimewapa watu wengi, hasa vijana na wanawake wanaoishi katika nyumba zenye watu wengi, faragha ambayo ngoma kuu haikuwapa. Kijana wa Ngao anayesikiliza nyimbo za rege au za arbantone usiku katika chumba ambamo nyanya yake amelala anamtendea nyanya huyo wema kwa kuifunga sauti, na hakuna falsafa ya jamii inayopaswa kumhukumu kwa hilo.

Dini mbili zinazoishi bega kwa bega katika eneo hili, Ukristo uliojengeka kwenye mto Tana wa chini tangu misheni za karne ya 19, ikiwemo ile ya Neukirchen kutoka Ujerumani iliyokuwa na kituo Ngao, na Uislamu ulioenea miongoni mwa Wapokomo wa juu, Waorma na wakazi wengi wa Garsen, zimelishughulikia suala la kufunga na kufungua sauti kwa undani kuliko watengenezaji wa vyombo. Katika sura ya 6 ya Injili ya Mathayo, Yesu anamwelekeza anayesali aingie chumbani mwake na kufunga mlango. Katika Zaburi ya 150 sifa zinatakiwa zitolewe kwa matari na matoazi yavumayo, jambo lisilowezekana chumbani bila mtaa mzima kujua. Wakristo hawakulazimika kuchagua andiko moja na kuliacha jingine, kwa sababu sala ya chumbani inalinda nia ya anayesali isije ikawa maonyesho, na sifa za matari zinalinda ibada isije ikawa mali ya mtu. Kila namna ya sauti ina hatari yake, na kila andiko linajibu hatari moja.

Katika Uislamu jambo hili limepewa mizani iliyo wazi zaidi. Aya ya 110 ya sura ya Al-Israa inaelekeza kwamba sauti ya sala isipazwe mno wala isififishwe mno, bali itafutwe njia ya kati, na katika hadithi iliyopokewa na Abu Dawud, Mtume anawakataza watu waliokuwa wakisoma Qurani msikitini kwa sauti za juu wasiudhiane, kwa hoja kwamba kila mmoja wao alikuwa akizungumza na Mola wake. Hoja hiyo ni nzito kuliko inavyoonekana, kwa kuwa kilichozuiwa hapo hakikuwa muziki wala upuuzi. Kilikuwa kisomo cha Qurani yenyewe, na hata hicho hakikumpa msomaji ruhusa ya kuliteka sikio la jirani. Ikiwa kisomo hakina ruhusa hiyo, mdundo wa matatu hauwezi kuidai.

Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ana kitabu kizima ndani ya Ihya Ulum al-Din kuhusu adabu za samaa, yaani usikilizaji wa nyimbo na mashairi unaouelekeza moyo kwa Mungu, na humo anapokea fundisho linalonasibishwa kwa Junayd wa Baghdad kwamba samaa ina mahitaji matatu: wakati wake, mahali pake na wenzi wake. Wanazuoni waliikubali au kuikataa samaa kwa sababu mbalimbali, na huko Lamu, mwanzoni mwa karne ya 20, palikuwa na ugomvi juu ya matari ya maulidi yaliyopigwa katika msikiti wa Riyadha wa Habib Swaleh. Lakini fundisho la mahitaji matatu linabaki kipimo kizuri hata kwa asiye Sufi. Hedifoni zinamwachia msikilizaji wakati, kwa maana anaweza kuchagua saa yoyote, na kwa viwango tofauti zinampokonya mahali na wenzi. Zilizofungwa humpokonya vyote viwili kabisa. Zilizo wazi humwachia mahali, kwa kuwa bado anasikia alipo, ila wenzi haziwezi kumrudishia.

Watengenezaji wenyewe waliwahi kuliona pengo hili. Sony ilipotoa Walkman ya kwanza mwaka 1979, kicheza kaseti kidogo cha kubeba mkononi, iliiwekea matundu mawili ya hedifoni ili watu wawili wasikilize wimbo mmoja, pamoja na kitufe cha rangi ya chungwa ambacho kilipobonyezwa kilipunguza muziki na kuwawezesha kuzungumza kupitia maikrofoni. Akio Morita, mmoja wa waasisi wa kampuni hiyo, aliona ni utovu wa adabu mtu kusikiliza peke yake mbele ya mwenzake. Matundu mawili yaliondolewa katika matoleo ya baadaye, baada ya kubainika kwamba wanunuzi walitaka kila mmoja kifaa chake. Leo hedifoni nyingi zilizofungwa zina maikrofoni za nje zinazoingiza sauti ya mazingira ndani, yaani chombo kilichofunga sikio kinaombwa kulifungua kwa umeme. Ni suluhisho zuri la kiufundi, lakini adabu ambayo kitufe cha chungwa kiliilinda kwa ajili ya wawili sasa imeachiwa hiari ya mmoja.

Lipo pia suala la mwili. Aya ya 36 ya sura ile ile ya Al-Israa inafundisha kwamba sikio, jicho na moyo vitahojiwa, na Wakristo hufundishwa kuuheshimu mwili kama hekalu, kwa hiyo sikio kwa pande zote mbili ni amana. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima, desibeli ikiwa kipimo cha nguvu ya sauti. Hapa hedifoni zilizofungwa zina utetezi ambao wapinzani wake hawana budi kuukubali: ndani ya basi la Garsen kwenda Malindi, injini ikinguruma, mvaaji wa hedifoni wazi hulazimika kuongeza sauti hadi imshinde injini, ilhali aliyefunga masikio anaweza kusikiliza kwa sauti ya chini. Tena ngurumo ya injini ni besi, na ndiyo inayoimeza besi ya wimbo kwanza, kiasi kwamba mpenzi wa midundo huwa wa kwanza kuongeza sauti na wa kwanza kujidhuru. Katika safari hiyo zilizofungwa ni bora, kwa sababu za kidini kama zilivyo za kitabibu.

Mahali ambapo hazifai ni njiani kwa miguu, shambani, kando ya mto na uani mchana, penye watu wanaomhitaji mvaaji bila kujua watamhitaji saa ngapi. Bonde la Tana ni nchi ya mafuriko na ya mamba, na pia nchi iliyoonja mapigano ya mwaka 2012 na 2013 katika delta, ambako kilio cha onyo kilichosikika kwa wakati kilitofautisha uhai na kifo. Katika nchi ya namna hiyo sikio la kila mtu ni sehemu ya ulinzi wa wote. Anayelifunga mchana kutwa amejitoa katika zamu ambayo wengine wanaendelea kuishika kwa niaba yake, na neno zuri kwa hilo ni uonevu, hata kama ni uonevu mdogo usiokusudiwa. Mtu huyo avae zilizo wazi na akubali hasara ya besi. Hasara yenyewe si kubwa kama inavyohofiwa, kwa kuwa sikio la binadamu lina kipaji cha kujaza msingi uliokosekana: likipewa mitetemo ya 80, 120 na 160 kwa sekunde, hulisikia pia shina lake la 40, ambalo chombo hakikulitoa kabisa.

Bali kuna besi ambayo aina zote mbili hushindwa kuitoa, ile ya kifuani na nyayoni, na hapa ndipo ngadji inaporudi katika hoja. Maofisa wa Kiingereza waliichukua kwa nguvu mwaka 1902, ikaingia katika Jumba la Makumbusho la Uingereza mjini London mwaka 1908, na Wapokomo, ambao mfalme wao Makorani-a-Mungatana wa Saba aliionyeshwa huko mwaka 2016 ikiwa ghalani, wanadai irudishwe. Ikichukuliwa, kwa ajili ya hoja tu, kwamba mtu angependekeza ngoma ipigwe London, irekodiwe kwa vyombo bora na sauti yake isambazwe Tana ili kila Mpokomo aisikilize kwa hedifoni zilizofungwa ambazo hazipotezi hata chembe ya besi, mitetemo yote ingekuwa imefika na dai lingekuwa halijajibiwa hata kidogo. Ngadji ilikuwa sauti ambayo kila aliyeisikia alijua kwamba jirani yake anaisikia wakati ule ule, na ujuzi huo, ambao hauna mtetemo wala desibeli, ndio uliowaita watu kwenye ibada. Rekodi elfu moja katika masikio elfu moja yaliyofungwa zingempa kila mmoja mlio wa ngoma na kumnyima wito wake.

Wazee wa Tana wanaposema kwamba wanaitaka ngoma, basi, wanadai kitu ambacho soko la vyombo vya sauti haliwezi kukiuza kwa bei yoyote, na kijana wa Ngao anayepima besi ya hedifoni hizi na zile dukani anafanya uchaguzi halali ndani ya mipaka midogo zaidi: zilizofungwa kwa usiku na kwa safari, zilizo wazi kwa mchana na kwa njia, na kwa besi yenyewe, ile ya kifua na nyayo, aende kwenye ngoma ya mwaribe, kwenye harusi na kanisani au kwenye maulidi, ambako sauti hiyo bado ina wakati, mahali na wenzi.